Mshale Uliotazama Juu

4 Machi

Mvua imeanza leo, nami nimeanza daftari. Watu wakubwa wote huandika habari zao, na sioni kwa nini nisiandike mimi, mtu niliyezunguka nchi tatu juu ya lori la saruji kabla sijatulia hospitalini. Daftari lenyewe ni la maabara. Liliingia maji kabatini, wakataka kulitupa. Mimi situpi kitu chenye mistari.

Kwa atakayesoma nikishakufa: kazi yangu ni kubeba. Asubuhi nakusanya chupa za damu wodini nazipeleka maabara. Mchana natoa majibu maabara nayapeleka kwa madaktari, ndani ya bahasha zilizofungwa. Miaka kumi na sita sasa. Mtaani wananiita Dakta, nami siwakatazi. Mtu akiumwa hupita kwangu kwanza. Namfunua jicho, namwambia atoe ulimi, naguna. Kuguna ni nusu ya udaktari.

7 Machi

Mvua. Viatu vimefumbua midomo.

9 Machi

Mdogo wangu wa kike kaja hospitali. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma: mageti, nondo za madirisha, vitanda. Mtaa mzima wanamwita Cheche, na mafundi wanaume wakiona geti lake huuliza kwanza nani kalifanya kabla ya kulitia kasoro. Miezi kadhaa sasa ubavu wa kushoto unamuuma, na akila vijiko viwili anashiba kama aliyekomba sufuria. Yeye anasema ni geti la shule alilolibeba vibaya.

Nilimpitisha mlango wa nyuma. Nikatangulia mbele yake ukumbini nikisalimia kila mtu kwa sauti, aone navyojulikana. Watu wa picha wakamweka mbele ya foleni. Kweli kuna kitu: uvimbe kwenye bandama, mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kunong'ona, alisema anaona ni kifuko cha maji tu, ila achukuliwe damu ya vipimo zaidi, kisha wapange kukitoa kabla hakijapasuka.

Njiani Cheche akaniuliza bandama ni nini. Nikamwambia ni jirani yake ini, upande wa pili wa barabara. Alicheka mpaka akashika ubavu.

13 Machi

Nimefungua majibu ya Cheche. Si kwa mikono. Bahasha zetu ni nyembamba. Ukiibandika kwenye kioo cha dirisha la ngazi, jua likiwa upande ule, unasoma kila kitu. Nimefanya hivyo miaka yote. Ndivyo nilivyojifunza. Kwanza jina la kipimo, halafu namba ya mgonjwa, halafu namba isiyotakiwa kuvukwa, halafu mshale. Mshale ukitazama chini, kitu kimepungua. Ukitazama juu, kimezidi. Shule niliiacha njiani, lakini mshale hauhitaji cheti.

Karatasi ya Cheche ilikuwa na mishale myembamba ya hapa na pale, hiyo si kitu. Chini kabisa palikuwa na kichwa cha maneno ninachokijua, maana nimekiona kwenye karatasi za wodi ile ya mwisho: alama za saratani. Namba isiyotakiwa kuvukwa, thelathini na saba. Ya Cheche, mia sita na arobaini. Mshale juu.

Dalili ya mvua ni mawingu. Niliipeleka bahasha kwa daktari, nikaaga kazi mapema, nikaenda moja kwa moja kwa Mama. Alikuwepo na shemeji, mume wa Cheche, fundi bomba asiyesema neno mpaka bomba lipasuke. Nikawakalisha. Nikawaambia. Mama akauliza kama wakimkata hatapona. Nikamjibu kama mtu wa hospitali:

"Kisu ndicho kibaya, Mama. Saratani ikifunuliwa ikapata hewa, hutawanyika kama vifaranga. Nimeyaona kwa macho yangu."

Nikawaambia wasimwambie.

14 Machi

Mama hali chakula.

17 Machi

Cheche kaniuliza kwa nini siku hizi watu wanamsalimia kwa mikono miwili. Shemeji sasa anambebea hata pochi. Muuza mkaa, ambaye hajawahi kumpunguzia mtu hata jicho baya, kamwongezea mkaa bila kuombwa. Nilipoulizia, kumbe Mama alimwambia shoga yake mmoja tu. Shoga mmoja wa Mama ni sawa na kipaza sauti.

20 Machi

Leo ilikuwa siku ya Cheche kuonana na daktari wa upasuaji. Nilikaa benchi la nje na trei yangu ya chupa. Hakuchukua muda. Alitoka akiwa amejifunga kanga kiunoni kama anayeondoka msibani, akasema hakatwi.

Nilimfuata mpaka kwenye ngazi. Nikamuuliza daktari kasemaje. Akasema kaeleza maneno mengi, kuna kipimo kimoja kimepanda, kisishtue, sijui nini. Hakumsikiliza, maana alikwisha jua. Mama alimwambia jioni ya tarehe kumi na saba, akilia.

Kisha akanishika mkono. Mkono wake una makovu madogo ya cheche, mpaka kwenye kiwiko.

"Ahsante, kaka. Wale wana karatasi zao na mapambo ya maneno. Wewe ndiye pekee uliyesema ukweli. Na hicho kisu ningekikubali kama usingesema."

Nikasema haidhuru. Eti haidhuru. Mtu kakabidhi shingo yake kwenye ulimi wangu, namwambia haidhuru.

21 Machi

Sikulala vizuri. Paa linavuja mahali papya.

Mchana nilimwendea Mkuu wa maabara, mama mtu mzima mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutazamia watu. Nikamwambia nina rafiki wa mbali sana, tena wa nchi nyingine, ana kifuko cha maji kwenye bandama na kipimo cha saratani kimepanda mia sita na kitu. Huyo si basi tena?

Akabadilisha miwani. Akasema nani kamwambia hivyo huyo rafiki. Kile kipimo si hakimu, akasema, ni mbea: anapiga kelele hata palipo salama. Vifuko vingine vya bandama, ile ngozi yake ya ndani yenyewe hutengeneza kitu hicho, kinavuja kwenye damu, namba inapanda, na saratani haipo kabisa. Aliwahi kumpima mmoja akapita elfu moja. Wakatoa kifuko, wakakichunguza, hakikuwa na ubaya wowote, na baada ya miezi namba ikawa kama yako na yangu.

"Dalili ya mvua ni mawingu," nilisema, kwa kujitetea.

"Mawingu mangapi yamepita hapa bila tone? Mwambie rafiki yako hatari yake si kile kipimo. Hatari ni kifuko kupasuka. Avuje damu tumboni, basi. Anafanya kazi gani?"

Nikasema karani.

Nyuma yake ukutani lipo tangazo, mimi mwenyewe nililibandika kwa gundi: atakayefungua majibu ya mgonjwa bila kuwa na haki nayo, kazi imeisha.

22 Machi

Kesho nitamwambia Cheche.

23 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kesho.

25 Machi

Kesho.

27 Machi

Nilikwenda kweli. Sikumkuta kwake, nikamkuta uani kwa Mama, kinyago usoni, anachomelea. Anamtengenezea Mama geti jipya na nondo za madirisha yote sita. Mama anaishi peke yake na mlango wake hufungwa kwa kamba na dua. Cheche anataka amalize kabla. Hakusema kabla ya nini.

Aliniomba nishike upande mmoja wa geti tuliegemeze ukutani. Zito kama dhambi. Upande wake aliunyanyua kwa pumzi fupi fupi, uso umekuwa rangi ya jivu, na mimi upande wangu najua kilichomo ubavuni mwake, najua kina ngozi nyembamba, na geti limemgusa papo hapo. Nilishika. Sikusema.

Tulipolitua nikajaribu kupita dirishani badala ya mlangoni. Nikamwambia, unajua Cheche, nimefikiri, pengine upasuliwe tu, siku hizi mambo yamebadilika.

Akafunua kinyago.

"Unanihurumia. Usianze kunidanganya leo, kaka, hujawahi kunidanganya."

Nimemdanganya tangu ana miaka minne. Nilimwambia mimi ndiye ninayewasha taa za barabarani. Nilimwambia lori letu lilipita juu ya simba na simba akaomba radhi. Alipokuwa akicheka nilidhani anajua.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kumwambia "kapasuliwe" hakutoshi. Ili aniamini sasa lazima kwanza asiniamini. Lazima nimwambie sijui kusoma zile karatasi. Sijawahi kujua. Nikalisikia neno limefika kwenye meno, nikalimeza pamoja na chai ya Mama.

28 Machi

Jirani kaja na mtoto ana vipele. Akasema Dakta, mtazame. Nikajifanya naumwa jino.

31 Machi

Niandike ukweli mmoja hapa, maana daftari halina mdomo. Siku ile ya tarehe kumi na tatu nililia barabarani, kweli nililia. Lakini nilipofika kwa Mama, nikawakalisha, wakanitazama wote wawili wakingoja nifungue kinywa, kulikuwa na kitu kitamu kidogo. Kidogo kama sukari iliyobaki chini ya kikombe. Mimi ndiye ninayejua. Hicho ndicho kinachoniamsha.

2 Aprili

Nondo za madirisha manne zimekwisha. Bado mawili na kufunga geti.

6 Aprili

Nitaandika polepole.

Asubuhi mvua ilipungua, Cheche akasema tufunge geti leo. Shemeji alikuwa amechimbia nguzo. Mimi nilikuwa zamu ya mchana, nikaenda kusaidia. Tulilinyanyua watatu. Mguu wa Cheche ukateleza kwenye tope, hakuanguka, alijizuia kwa geti lenyewe, likamgonga ubavu. Si kwa nguvu. Mtoto angesema pole yakaisha. Akasimama akacheka, akasema bawaba ya juu bado haijakaa. Kisha akakaa chini kwenye tope, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano, na jasho likamtoka na mvua inamnyeshea.

Shemeji alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari la kuuzia maji. Bomba lilipasuka: njia nzima alikuwa akisema jina lake tu, lile la kweli, ambalo sikuwa nimelisikia tangu harusi yao.

Walimpiga picha. Daktari wa upasuaji akaja, nywele zimelowa, akasema kifuko kimechanika ndani na damu inaingia humo. Kikipasuka kwa nje hatakuwa na muda wa kufikiri, kwa hiyo afikiri sasa. Akaleta karatasi ya kukubali upasuaji. Cheche akaisukuma kwa vidole. Akasema hataki itawanyike. Afadhali afe nayo ikiwa moja.

Daktari akauliza itawanyike nini. Shemeji akanitazama. Mama, aliyekuja na kiatu kimoja tu, akanitazama. Basi nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Cheche, mimi sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kusoma majibu. Najua mishale tu. Niliibandika bahasha yako dirishani nikaona mshale umetazama juu. Hiyo ndiyo elimu yangu yote. Mkuu wa maabara kaniambia hicho kipimo kinapanda hata kwa kifuko cha maji. Nimelijua hilo wiki mbili na siku mbili, na nimenyamaza, naogopa kufukuzwa kazi."

Alifumba macho. Nikadhani ni maumivu.

"Ulisema umeona kwa macho yako. Wakikatwa, inatawanyika."

"Nimeona milango. Nasukuma machela mpaka mlangoni, mlango unafungwa. Mimi huishia mlangoni, Cheche. Kinachofanyika ndani sijawahi kukiona hata siku moja."

"Na wale wanaokuja kutoa ulimi?"

"Naguna tu."

Mama alitoa sauti ambayo sitaki kuiandika. Daktari hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Aliinama karibu na Cheche, akamweleza kwa ile sauti ndogo yake, neno moja moja, kwamba picha inaonyesha kifuko laini kisicho na nyama ndani, kwamba hawezi kuapa kabla hakijachunguzwa, lakini mwenzake wa maabara na yeye mwenyewe wanaona hivyo hivyo, na kwamba saratani kuruka kwa sababu kisu kimeileta hewani ni hadithi. Cheche akamuuliza maswali matatu, ya kifundi: mtakata wapi, mtafunga kwa kitu gani, itashika? Daktari akajibu yote.

Akasaini. Hakunitazama. Akampa shemeji pete, akampa Mama hereni. Mimi hakunipa kitu.

Walipomsukuma nilitaka kushika machela. Ni kazi yangu. Shemeji akaondoa mkono wangu, bila ukali, akashika yeye.

7 Aprili

Yu hai. Wamekitoa kifuko chote na kipande cha bandama, sehemu nyingine imebaki.

Saa mbili asubuhi niliingia kwa Mkuu wa maabara na kumwambia kwamba rafiki wa nchi nyingine hakuwepo. Nikamweleza dirisha la ngazi, miaka yote. Alivua miwani yote miwili. Nadhani hakutaka kuniona na wowote.

15 Aprili

Kifuko kimechunguzwa. Hakuna saratani, wala mbegu yake. Alisoma daktari, kwa sauti, mbele ya Cheche na mumewe. Mimi nilikuwa nje na nikaambiwa baadaye na Mama, ambaye bado ananiwekea chakula lakini anakiweka mezani na kuondoka.

22 Aprili

Sikufukuzwa. Nimepewa barua kali na kuhamishiwa chumba cha kufulia. Nafua mashuka. Mashuka hayana maandishi. Bahasha sasa ni nene za kahawia, na kioo cha ngazi kimepakwa rangi. Kijana wa usafi kaniuliza kwa nini wamekipaka. Nikamwambia kwa sababu yangu.

26 Aprili

Nimeanza kuzunguka mtaani kufuta nilichosema. Kazi hii haina mshahara wala mwisho. Kwa muuza mkaa nilikaa nusu saa. Akasema kwa hiyo saratani imepona? Nikasema haikuwepo. Akasema Mungu mkubwa, kaiondoa. Nikasema haikuwepo, mimi ni mjinga, sijui kusoma. Akanipigapiga bega, akasema unyenyekevu ndio uliomponya. Shule ile ya mageti imempa kazi fundi mwingine, kwa huruma, Cheche apumzike. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu pia. Akanisikiliza, akasema kazi imeshaanza.

5 Mei

Damu ya Cheche imepimwa tena: sabini na moja, na inaendelea kushuka. Jirani mwenye mtoto wa vipele aliniita Dakta. Nikamwambia kliniki inafunguliwa saa mbili, nikampeleka mwenyewe, nikakaa naye foleni. Ile ya mlango wa mbele.

19 Mei

Mvua ilikatika juzi. Njia zimekauka zikabaki na nyayo za watu wa mwezi uliopita.

Leo Jumapili nimekwenda kwa Cheche. Kovu limefunga. Amekatazwa vyuma vizito, kwa hiyo amekaa kitini anasuka waya wa uzio, kazi ya mikono tu. Shemeji alikuwa kizingitini, binti yao wa miaka saba katikati ya magoti yake, anamsuka nywele. Vidole vile vya kukaza mabomba, na mistari imenyooka kama imepigwa rula. Nikashindwa kujizuia. Nikasema shemeji, mabomba ya mji huu yamekwisha? Mtoto akacheka. Shemeji hakucheka, akachukua kitana akaendelea.

Nikakaa karibu na Cheche. Tangu atoke hospitali tumesemezana salamu, hali na hewa. Aliendelea kusuka waya kisha akasema, macho kwenye kazi:

"Baba yake nilimfundisha mimi. Zile wiki tatu. Kila jioni nilisema mkono unaniuma, nikamwonyesha mstari mmoja mmoja. Sikutaka mtoto aende shule kichwa timtim nikishaondoka."

Nilivitazama vidole vya shemeji vikigawa nywele.

"Sasa nimebaki, na mtoto hataki nimsuke. Anasema baba ana mkono mwepesi."

Nikasema nisamehe. Ilikuwa mara ya nne, au ya tano.

"Saratani nimekusamehe, kaka. Na kisu. Lakini mwanangu nilimuaga kila siku kwa wiki tatu, na yeye hajui kwamba aliagwa. Alidhani mama yake kawa mpole tu. Jana kaniuliza ule upole umekwenda wapi."

Mimi mwenye neno la kila jambo, wa nchi tatu, wa lori la saruji, nilitafuta neno. Mtoto aligeuza kichwa kututazama, baba yake akakirudisha kwa kidole kimoja.

Cheche akanipa ncha ya waya, akasema shika hapa, usivute. Nikaishika. Alisuka mpaka mwisho wa uzio, na mimi nimeishika, mpaka aliponiambia niachie.